Seva iwe ya kwako au ya kukodi, kwanza angalia domeni iko mikononi mwa nani

Kuna mabishano ambayo hayaishi kila watu wa tovuti wakikutana. Huyu anasema kama tovuti yako haiko kwenye seva yako mwenyewe, yaani kompyuta inayowapa wageni kurasa zako, basi wewe ni mpangaji tu, siku yoyote unatolewa, na yule anamjibu kwamba kuweka seva nyumbani ni kujitafutia kazi ambayo kuna watu wanalipwa kuifanya usiku na mchana. Mimi nimekaa pande zote mbili, nina miaka kadhaa na kimashine changu kinachowaka kwenye kona ya chumba, na kwa kweli wote wana hoja, ila wanabishania kitu cha pili na kile cha kwanza wanakiruka, yaani domeni, lile jina la tovuti ambalo watu wanaliandika kukufikia.

Tuanze na wanaotaka seva yao. Hofu yao ina msingi kabisa. Mwaka 2009 Yahoo waliifunga GeoCities, huduma iliyowapa watu nafasi ya kuweka kurasa zao, na mamilioni ya kurasa ambazo watu walizijenga kwa miaka zikaondoka, kilichobaki ni kile ambacho wahifadhi walikiwahi. Sasa angalia vizuri pale tatizo lilikuwa nini, maana hata yule aliyekuwa na nakala ya kazi yake yote kwenye kompyuta hakuwa na namna ya kuwaambia wasomaji nimehamia hapa, kwa sababu linki zote walizokuwa nazo zilibeba jina la GeoCities na sio jina lake. Mashine zilikuwa za wengine, sawa, lakini kilichouma zaidi ni jina.

Halafu ukiwa na seva yako unajifunza, na hili silichukulii kirahisi. Unaelewa DNS ni nini hasa, unaona jinsi jina linavyogeuka namba ya IP, ile anwani ya mashine kwenye intaneti, unasoma logi zako mwenyewe, yaani kumbukumbu za nani kaomba nini, unaweka nginx au Apache, programu za kutoa kurasa, kwa mkono wako, na data za wageni wako hazipiti kwa mtu ambaye humjui. Tovuti ya kurasa za kawaida haihitaji mashine kubwa, hata Raspberry Pi, kakompyuta ka ukubwa wa kadi, inabeba bila shida, ila usiiachie kadi ya SD peke yake maana zile zinachoka kwa kuandikwa andikwa kila saa, weka SSD, diski inayostahimili zaidi.

Upande wa pili sasa, na hapa ndo pana mambo mengi. Namba za IP za zamani, IPv4, ziko kama bilioni 4.3 tu na hazikutosha, kwa hiyo kampuni nyingi za intaneti zinawaweka wateja wengi nyuma ya namba moja. Ukiingia kwenye ruta yako ukakuta namba ya nje inaanzia 100.64 mpaka 100.127 ujue uko humo, unaweza ukafungua poti 80 na 443, milango ambayo tovuti inapitia, mpaka uchoke na hakuna mtu atakayekufikia kutoka nje. Na hata ukipata namba yako inaweza kubadilika ruta ikizimwa na kuwashwa, inabidi uwe na programu ya kuisasisha DNS kila mara. Spidi ya kupandisha nayo kwenye laini nyingi za nyumbani ni ndogo kuliko ya kushusha, na tovuti yako inaishi kwenye hiyo ya kupandisha.

Umeme je? Watu wanaokodisha seva wakikuahidi asilimia 99.9 maana yake ni kama masaa 8 na dakika 45 za kuzimika kwa mwaka mzima, umeme ukikatika usiku mmoja tu nyumbani hesabu hiyo imekwisha.

Usalama ndo unanitia wasiwasi zaidi kuliko vyote. Ukichukua cheti cha HTTPS, kinachowezesha mawasiliano ya msomaji na tovuti kufungwa kwa siri, ambacho tangu shirika la Let's Encrypt waanze 2015 unakipata bure na kinajirefusha chenyewe ukikiseti vizuri, jina lako linaandikwa kwenye daftari la wazi la vyeti, na haichukui muda roboti zinaanza kugonga mlango zikitafuta paswedi dhaifu na programu ambazo hazijasasishwa. Hiyo seva iko kwenye mtandao mmoja na simu na kompyuta za familia yako! Ukiiacha miezi sita bila kuigusa hujihatarishi peke yako. Kama huna muda wa kuisasisha kila wiki, naomba ukodi, sio aibu.

Barua pepe sitaki hata kuibishania, usiihosti nyumbani. Poti 25, ambayo barua pepe inapitia, mara nyingi imefungwa, na namba za IP za majumbani ziko kwenye orodha ambazo wapokeaji wakubwa wanazikataa kabla hata hawajasoma ulichoandika.

Ila wanaokodi nao wasidhani kazi imeisha. Machi 2021 jengo la seva la OVH, kampuni ya kukodisha seva, pale Strasbourg Ufaransa liliungua usiku mmoja, na wapo wateja waliopoteza kila kitu kwa sababu bakapu yao ilikuwa palepale au hawakuwa nayo kabisa. Kulipa hakukuondolei wajibu wa kuwa na nakala mahali pengine.

Kwa hiyo mimi nauliza kwanza domeni imesajiliwa kwa jina la nani, na imeili iliyoandikwa pale ni ipi. Nimeona watu wametengenezewa tovuti na fundi, fundi akasajili domeni kwa jina lake, wakigombana yeye ndo mwenye biashara yao. Na domeni hununui, unakodi, zile za .com ni miaka 10 kwa mkupuo kwa wingi wake, ikiisha ukachelewa kuna kipindi cha siku 30 cha kuikomboa kwa bei ya kuumiza, na baada ya hapo yeyote anaichukua. Mimi niliwahi kuweka kwa msajili, kampuni inayokusajilia domeni, imeili iliyo kwenye domeni ileile, kadi ikakataa, domeni ikazimwa, na taarifa zote pamoja na linki ya kubadilisha paswedi zikawa zinatumwa kwenye sanduku ambalo halipo tena. Siku tatu nilikuwa nathibitisha kwamba mimi ni mimi. Tangu hapo imeili ya msajili iko sehemu nyingine kabisa.

Hilo likikaa sawa, seva inakuwa kitu cha kubadilisha tu. Mwaka huu naweza kuwa nyumbani, mwaka kesho nikakodi, na msomaji asijue. Kabla ya kuhama nashusha TTL ya DNS, muda ambao mitandao inalikumbuka jibu la zamani, mpaka dakika 5, siku moja au mbili kabla, nahamisha mafaili, nageuza namba ya IP kwenye DNS, naziacha seva zote mbili zikiwaka, na logi ya ile ya zamani ikishanyamaza ndo naichomoa.