Nunua chubwi kwanza

Wiki iliyopita mpwa wangu alinitumia picha ya kikapu chake cha dukani kabla hajalipa. Amehamia New Jersey mwaka jana, amekata nafasi kwenye boti ya uvuvi inayotoka Atlantic Highlands Jumamosi moja ya Juni, na anataka kurudi nyumbani na gayogayo, samaki bapa anayelala mchangani. Kikapuni mlikuwa na ufito wa bei ghali, pakiti tisa za ndoana zilizofungwa tayari pamoja na shanga, vibati vinavyomemeta na manyoya ya rangi, na chupa ya dawa ya kunukisha chambo. "Mjomba, nimesahau nini?" Nikamjibu neno moja: chubwi. Hakuwa na hata kipande kimoja cha risasi cha kuzamishia chambo.

Ndiyo maana naandika. Mwezi Mei ukiingia, maduka ya vifaa vya uvuvi hujaa vitu vya kung'aa, na mgeni huamini kuwa samaki huyu anavuliwa kwa urembo. Nashikilia kwamba mtu anayetoka mara ya kwanza atumie pesa yake kwa vitu viwili, chubwi za kutosha na uzi mwembamba, kwa sababu kazi nzima ya siku ile ni kujua kama chubwi imegusa chini au haijagusa.

Sababu iko kwa samaki mwenyewe. Gayogayo wa huku, ambaye watu wa New York na New Jersey humwita fluki, huzaliwa na macho huku na huku kama samaki wengine. Akikua kidogo, jicho la kulia huhama, likavuka kichwa hadi upande wa kushoto, naye akalala ubavu mchangani maisha yake yote. Hujifukia, hubadili rangi afanane na mchanga, akabakiza macho mawili nje, akasubiri. Ana mdomo mpana na meno makali (usimtie kidole), na humrukia ngisi au dagaa anayepita karibu naye. Chambo kinachoelea mita kadhaa juu yake mara nyingi hatakifuata.

Sasa ongeza boti. Boti hizi kwa kawaida hazitii nanga kwa fluki. Nahodha huiacha boti isukumwe na upepo na mkondo juu ya mchanga, na chambo chako kinaburutwa nayo. Maji yakisimama kabla ya kuanza kupwa au kujaa, boti haiendi na samaki hawali. Hapo kunywa chai. Maji yakitembea polepole na upepo ukiwa mdogo, aunsi 3, yaani gramu 85 hivi, zinakutosha ndani ya ghuba ya Raritan. Lakini upepo ukivuma kwa njia ileile ya mkondo, boti inakimbia, na ukitoka nje ya rasi ya Sandy Hook au ukafika mfereji wa Ambrose, zinakopita meli za mizigo kuingia bandari ya New York, unaweza kutaka 6 au 8. Siku moja inaweza kukupa hali zote hizo. Kwa hiyo nimemwambia anunue chubwi 12: tatu tatu za aunsi 3, 4, 6 na 8. Zote pamoja ni sehemu ndogo ya bei ya ufito ule.

Kuchagua ni rahisi. Anza na nyepesi. Teremsha hadi iguse, inua ncha ya ufito kiasi cha shibiri, shusha. Ukisikia imegonga, uko chini. Ukiinua na kushusha mara tatu bila kusikia kitu, toa uzi kidogo. Ukitoa tena na tena, hadi uzi umelala mbali juu ya maji, acha kutoa, pandisha, vaa chubwi nzito zaidi. Wengi hawataki kuongeza kwa sababu wamesoma kwamba uzito mdogo humpa samaki raha ya kupigana. Ni kweli, kwa mtu ambaye tayari anasikia chini. Kwa asiyesikia, wepesi humpeleka kwenye uzi wa jirani, na boti nzima inasimama kufungua mafundo yake.

Hili nalijua kwa siku yangu ya kwanza. Nilikodi ufito wa boti wenye nailoni nene, nikapewa chubwi ya aunsi 4, nikasimama nyuma saa tano nzima bila kusikia kitu. Nililelewa Msambweni kwa samaki wa mshipi. Baba alinifundisha kuvua kwa mkono, nailoni imezungushwa kwenye kipande cha ubao, mshipi umepita juu ya kidole cha shahada, na kidole hicho ndicho kilichomwambia kama chini ni mwamba, mchanga au majani. Na hapa nilikuwa nimeshika kitu kisichoniambia lolote. Iliniuma sana. Mzee aliyesimama kushoto kwangu hakusema neno, alichukua chubwi ya aunsi 8 kwenye ndoo yake akanipa. Ilipogonga mchanga niliusikia mkono wa baba. Robo saa baadaye nikapata fluki wangu wa kwanza.

Uzi, basi. Nailoni hunyumbuka na ni nene. Mkondo huishika na kuipinda, na mguso wa chini hufika mkononi umekwisha kufa. Uzi wa kusuka wa paundi 15 au 20 (ndiyo nguvu yake kabla ya kukatika) ni mwembamba kama uzi wa cherehani, haunyumbuki, hukata maji. Ukiwa nao, chubwi ndogo hufanya kazi ya kubwa. Ukikodi ufito wa boti ukakuta nailoni nene, si mwisho wa dunia, ongeza aunsi mbili.

Ufito wenyewe usikusumbue: futi 7, ncha laini, bei ya kati. Najua fito za ghali zinauzwa kwa ndoto ya samaki mkubwa, yule ambaye wavuvi wa huku humwita mkeka wa mlangoni. Rekodi ya dunia ilivuliwa Montauk na Charles Nappi mwaka 1975, paundi 22 na aunsi 7, zaidi ya kilo 10. Lakini wengi utakaowainua ni wa kilo moja au chini yake, na ufito wa kati unawaweza.

Kufunga ndoana nataka kuwe hivi. Mwisho wa uzi fungia kipete chenye matundu matatu, kile kinachozunguka. Tundu moja lipokee uzi wako. La pili lichukue kipande kifupi cha nailoni dhaifu, urefu wa kiganja, na chubwi mwisho wake. Ikikwama kwenye mwamba, kipande hicho hukatika na vingine vyote vinapona. La tatu lichukue nailoni ya paundi 30, urefu wa mkono mzima, na ndoana moja. Moja. Chambo ni ngisi aliyekatwa kipande chembamba kama pembe, urefu wa kidole cha kati, kimechomwa mara moja tu upande mpana ili kielee kimenyooka. Kikizunguka kama pia, kitoe ukichome upya, maana kitakusokotea nailoni yote. Shanga na vibati havina ubaya, ila haviwezi kukishusha chambo cha mtu kutoka mita tatu juu hadi chini.

Rafiki zangu wenye uzoefu watapinga. Watasema anunue baktaili, risasi yenye ndoana na manyoya ya mkia wa kulungu, aweke kipande cheupe cha Gulp, chambo bandia chenye harufu, achezeshe. Wao hupata samaki wakubwa kwa njia hiyo, siwakatai. Lakini baktaili hutaka mkono uchezeshe bila kupumzika na uvute mara samaki anapogusa, ilhali ngisi humruhusu mgeni afanye lile ambalo kila mvuvi wa mshipi hulijua: kusikia uzito, kushusha ncha kidogo, kuhesabu hadi tatu, kisha kuinua bila pupa. Akishajua uzito wa samaki unavyotofautiana na uzito wa majani, aende kwenye baktaili mwakani.

Ndoana iwe kubwa, namba 4/0 au 5/0, na hapa nasema kwa uchungu. Mwaka 2024, kwa sehemu kubwa ya maji ya New Jersey, fluki wa kuchukua alitakiwa afike inchi 18, karibu sentimita 46, na kila mtu aliruhusiwa kuchukua 3 tu kwa siku. Sheria hupangwa upya mwaka hadi mwaka na kila jimbo lina yake, kwa hiyo aulize botini. Maana yake ni kwamba wengi unaowapandisha lazima warudi majini. Wanaokadiria akiba ya samaki hawa huhesabu kuwa katika kila 10 wanaorudishwa, 1 hufa. Ndoana ndogo humezwa hadi tumboni. Kubwa hushika mdomoni na huchomoka haraka. Ikimezwa, kata nailoni karibu na mdomo umwache aende, usichokonoe. Mshike kwa mikono iliyolowa. Kama boti ina watu 30 na kila mmoja anarudisha samaki watano, hesabu mwenyewe uone ndoana ina uzito gani.

Jana usiku mpwa wangu amenitumia picha nyingine. Pakiti nane zimerudi rafuni. Juu ya meza ya jikoni amepanga chubwi 12 kwa ukubwa, na pembeni yake kipete cha matundu matatu alichokifunga mwenyewe. Nimeikuza picha. Fundo la ndoana limekunjamana, hakulilowesha kwa mate kabla ya kukaza. Ijumaa baada ya Isha nitapita kwake tulifunge upya.