Namba Yangu Iko Chini ya Kisahani

Kosa la kwanza nililifanya kwa kalamu. Shemeji yangu, ndiye aliyeniingiza kwenye gofu ya visahani, aliniambia niandike namba ya simu upande wa chini wa kila kisahani, maana kwenye mchezo huu asiyepoteza bado hajacheza. Nikaandika. Wino usiofutika, tarakimu nene, kubwa kama za mlango wa ofisi. Sikujua kwamba najiandikia hati ya kukamatwa.

Kwa ambaye hajawahi kuuona, mchezo wenyewe ni gofu, ila huna fimbo wala kipira. Una visahani vya plastiki. Badala ya shimo kuna kikapu cha chuma kwenye mlingoti, na juu yake inaning'inia minyororo ya kukizuia kisahani kisipitilize. Mwenye mirusho michache ndiye mshindi. Kila kituo wanakiita shimo ingawa shimo halipo, na mimi sikuuliza, kwa sababu siku ile nilikuwa mtu wa kujua kila kitu.

Kosa la pili ndilo kubwa: kuchagua.

Visahani vya siku hizi vingi vimechapwa namba nne. Ya kwanza ni kasi. Ya pili ni kuelea, ya tatu ni kugeuka kikiwa bado kina mbio, ya nne ni kukata kona kikianza kuchoka. Shemeji akanieleza kwamba namba ya kasi si nguvu unayopewa na kisahani, ni nguvu kinayokudai wewe ili kiruke kama kilivyoundwa. Aliirudia mara tatu. Mimi nilibaki na neno "kasi" tu, mengine yakapita zake.

"Anza na kimoja cha masafa ya kati, kasi 4 au 5," akasema, "na pata moja."

"Pata ndiyo nini?"

"Kile kinene cha polepole cha kumalizia kikapuni. Na chukua ushauri wangu, hicho ndicho pata. Vingine vyote kwako vitakuwa potea."

Nilicheka kwa adabu, kisha nikanunua draiva tatu, yaani visahani vya kurushia mbali, zote kasi 13. Ya chungwa, ya zambarau na ya bluu, gramu 175 kila moja, ukingo mpana unaoishia kwa ncha nyembamba inayokufanya ujione hatari ukiishika tu. Kwenye namba ya tatu kulikuwa na hasi moja. Nikadhani ni punguzo la bei.

Namba ya nne ilikuwa 3, na ndiyo iliyobeba msiba wote. Kwa mtu wa mkono wa kulia anayerusha kwa kufungua mkono kutoka kifuani, kisahani kikipungukiwa na mbio hukata kushoto. Chenye 3 hukata kwa hasira. Mrushaji mwenye nguvu hukichosha mbali huko, kikakunja kona yake kwa heshima. Cha kwangu kilikuwa kinachoka kabla sijamaliza kukisindikiza kwa macho.

Mashimo sita ya kwanza tuyaache. Niseme tu kwamba shimo la tatu nilirusha ile ya zambarau, na shemeji aliporudi kutoka kufunga kamba ya kiatu nikamwambia nimekumbuka kwamba ya zambarau niliiacha nyumbani.

Tukafika la saba. Njia inanyooka kidogo kisha inapinda kulia nyuma ya safu ya miti, na kikapu kimejificha huko. Upande wa kushoto kuna safu nyingine ya miti, na nyuma yake ndiyo njia ya shimo la 12, ambako kuna watu wengine na maisha yao. Mtu mwenye akili anarusha hadi kwenye pindo, halafu anarusha tena. Lakini mimi usiku uliotangulia nilikuwa nimeangalia video ya James Conrad kwenye mashindano ya dunia ya mwaka 2021, kule Ogden, Utah. Shimo la mwisho, yuko nyuma kwa mrusho mmoja dhidi ya Paul McBeth, yuko zaidi ya mita 70 kutoka kikapuni, akarusha, kisahani kikaenda kikipinda kulia na kuingia kwenye minyororo. Wakaenda shimo la ziada na Conrad akawa bingwa. Niliiangalia mara tisa. Mara ya tisa nilihisi kama ni mimi.

"Pita njiani," shemeji akasema.

"Naipitisha juu ya miti."

Nikapiga hatua tatu, nikazungusha kiuno, nikaachia. Kwa sekunde moja kilikuwa kitu kizuri. Halafu kikakumbuka namba yake ya nne. Kikaupa mgongo kikapu, kikainamisha bega la kushoto, kikapita juu ya miti ya upande usiotakiwa na kuzama shimo la 12.

Hapo sheria ya ustaarabu iko wazi: unapiga kelele watu wajikinge. Nilifungua mdomo. Kisha nikawaza, nikipiga kelele nitakuwa nimekiri. Nikafunga mdomo.

Kimya. Ikasikika "paf" moja, ndogo, kama mtu aliyekung'uta mto.

Simu yangu ikaita.

"Hallo, naongea na mwenye kisahani cha rangi ya chungwa?" Ilikuwa sauti ya mzee, imetulia kupita kiasi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

Ile marahaba niliisikia mara mbili. Sikio la kulia liliipata kwenye simu, la kushoto likaipata kutoka nyuma ya miti. Nikashusha sauti hadi ikawa ya kuungama.

"Kisahani cha chungwa... ah, hicho. Nilikipoteza siku nyingi, mzee wangu. Wiki iliyopita hivi."

"Bado kina joto, kijana."

"Labda jua."

"Labda. Kimenivua kofia. Uko wapi sasa hivi?"

"Niko mbali kidogo."

Shemeji, Mungu amsamehe, akapiga chafya.

"Simu yako imepiga chafya," mzee akasema. "Na miti hii nayo imepiga chafya."

Nikamtazama shemeji. Alikuwa ameingiza uso kwenye begi lake la visahani, mabega yanatikisika. Nilipogeuka, matawi yalikuwa yanafunguka na mzee anatoka, simu sikioni, kofia mkononi, kisahani changu kwapani. Alikuwa anakuja taratibu huku bado anaongea nami kwenye simu, nami bado namjibu kwenye simu, mpaka tukawa hatua mbili tu baina yetu.

"Sasa kata," akasema. "Mimi ndiye ninayelipa."

Nikakata. Nikaomba radhi kwa maneno yote niliyofundishwa tangu utoto. Hakuwa ameumia, kilipita na kofia tu, lakini ile kofia ilikuwa na mkunjo mpya ambao hakuna pasi itakayouondoa. Aliyevumbua kikapu cha minyororo, Mmarekani Ed Headrick, alipofariki mwaka 2002 majivu yake yalichanganywa kwenye plastiki ya visahani, kwa matakwa yake mwenyewe. Zamani niliona ni kituko. Pale niliposimama nilimwelewa kabisa: kuna siku mtu anatamani kuyeyuka.

Mzee akakigeuza kisahani, akapitisha kidole gumba kwenye ukingo pole pole, akakiinua kwenye mwanga.

"Kumi na tatu," akasoma, kama daktari anayesoma kipimo cha homa. "Nani alikuchagulia?"

"Nilichagua mwenyewe."

"Pole." Akamgeukia shemeji. "Na wewe ulikuwepo?"

"Mimi nimemkuta hapa hapa, mzee," shemeji akasema bila hata kupepesa.

Mzee akatoa kwenye begi lake kisahani ambacho rangi yake siwezi kuitaja, kwa sababu ilikwisha ondoka. Ukingo umelika, una vijino vijino vya kugonga minyororo miaka na miaka. Pata. Akanipa. "Usirushe kwa nguvu. Rusha kama unampa mtu kitu."

Nikarusha hivyo. Kikaondoka bila haraka yoyote, kimenyooka, kikatua katikati ya njia, pale pale kwenye pindo nilipoambiwa mwanzo. Na kilikwenda mbali kuliko mrusho wangu wowote wa siku ile. Hilo liliniuma kuliko chafya.

Ili kujitetea nikamsimulia habari za Conrad: Ogden, mita zote zile, minyororo, umati unavyolipuka. Mzee akasikiliza mpaka mwisho.

"Alirusha nini?"

Nikanyamaza. Hilo sikuwa nimeliangalia. Shemeji, ambaye dakika mbili kabla hakuwa ananijua, akajibu kwa furaha ya ndugu wa damu:

"Pata."

Shimo lile la mirusho mitatu nililimaliza kwa nane, ukiweka na mmoja wa adhabu kwa kutoka nje ya mpaka, ambao shemeji aliuandika akiimba. Mzee akaihifadhi namba yangu. Nilichungulia: hakuandika jina langu, aliandika "Kumi na Tatu".

Jioni tumekaa, shemeji yuko pembeni yangu, simu ikaita. Nikabonyeza kitufe cha spika kwa bahati mbaya.

"Kumi na Tatu?"

"Naam, shikamoo mzee."

"Marahaba. Nimepita shimo la tatu. Kuna kisahani cha zambarau kimekwama juu ya mti. Ni chako?"

Shemeji akaacha kutafuna, akanitazama.

"Hapana, mzee wangu," nikasema. "Changu cha zambarau kiko nyumbani."

Mzee akanyamaza kidogo.

"Namba yako naisoma nikiwa huku chini," akasema. "Umeandika kubwa sana."