Nilipata D mbili na E, nikasoma BCom hivyo hivyo

Matokeo ya form six yalitoka niko Mbagala kwa mama mdogo, bando la kuungaunga, ukurasa wa NECTA unazunguka tu. Ulipofunguka: Economics D, Commerce D, Accountancy E. Divisheni three ya point 13. Mama mdogo akauliza "umefaulu?" nikamjibu nimefaulu, na sikudanganya, ila kuna kufaulu na kufaulu.

Kwa utaratibu wa TCU, tume ya vyuo vikuu, ukiwa na principal mbili (masomo mawili uliyopata kati ya A na E) zenye jumla ya point 4 unaruhusiwa kuomba digrii. Point hizi siyo zile za divisheni, hapa D moja ni point 2, kwa hiyo D zangu mbili zilinifikisha mlangoni kabisa, hata nusu haikuzidi. Hapa ndipo tunapojidanganya wengi. Zile ni sifa za kuomba, siyo kiti. BCom, yaani digrii ya biashara, ya chuo chenye jina inaombwa na watu wa michepuo ya ECA, EGM na HGE wa nchi nzima, wana A zao na B zao, sasa wewe mwenye point 4 kamili unapanga foleni nyuma ya mtu mwenye 9 halafu unashangaa mbona zamu haifiki.

Mimi nilishangaa mara tatu. Chuo kimoja, kozi moja, awamu ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kila nikiambiwa niombe vyuo vingine nasema hapana ngoja, safari hii watanichukua. Ujinga wangu mwenyewe, sina wa kumlaumu.

Aliyenizindua ni baba mdogo, mhasibu wa halmashauri, mtu asiye na maneno mengi. "Hivi unataka kusoma biashara au unataka kupiga picha kwenye geti la chuo?" Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nikajaza fomu ya diploma ya uhasibu.

Watu wanaisema vibaya sana diploma, eti ni ya waliofeli, na walimu wetu wa advance ndio waliokuwa wa kwanza kuitumia kama kitisho. Lakini form six mwenye principal moja na subsidiary moja (S, chini ya E) anaanzia NTA level 5, miaka miwili tu anamaliza level 6 ambayo ndiyo diploma yenyewe, na baada ya hapo hauombi tena digrii kwa D zako, unaomba kwa GPA, wastani wa alama zako za diploma. Mwongozo unataka angalau 3.0, ila mimi nilishang'atwa na hicho "angalau" mara moja, nikajiambia nikikosa 4 sijafanya kitu. Nilitoka na 4.1. Yule yule wa E ya Accountancy! Kumbe hesabu za vitabu ukizifanya kila siku na mtu anakusahihisha zinaeleweka, shuleni tulikuwa tunakariri format.

Jambo moja wasilokwambia mapema, matokeo ya form four hayakuachi. Wanaangalia kama una pasi nne, na kozi nyingi za biashara zinataka uwe na hesabu. Ile D yangu ya Basic Math niliyokuwa naificha kama kidonda ndiyo ikaja kunisitiri.

Nikapata BCom. Mwaka wa kwanza, trial balance ilikuwa kama kunywa maji, wenzangu wa divisheni one wananifuata hosteli niwaelekeze. Kwenye calculus mimi ndiye niliyekuwa nawafuata, na sap (mtihani wa marudio) nilipiga. Na sitaki kupamba, miaka miwili ni mingi, niliosoma nao advance walikuwa wanavaa majoho mimi ndo nakaribia kumaliza mwaka wa kwanza, na ada ya diploma ilitoka kwenye kikoba cha mama.

Sasa mdogo wangu naye kapata C, D na E za HGE, anataka BAF (digrii ya uhasibu na fedha) ya Mzumbe na hasikii kingine. Nimemwambia aombe, point 5 zake ni halali, ila aombe na vyuo vya IFM, TIA na CBE humo humo, na fomu ya diploma ajaze wiki hii kabla dirisha halijafungwa. Amenuna, hajibu meseji. Hela ya maombi nimemtumia ya vyuo vyote vinne.