Namba kwenye kiganja cha shangazi

Jumamosi iliyopita nilimkuta shangazi yangu, kule Nkuhungu, amejiandika namba kiganjani kama mwanafunzi anayeibia mtihani. Ilikuwa namba ya malipo, tarakimu 12 zimeshikana. Programu aliyotumia (siitaji) inakuonyesha namba lakini haikubali uinakili, na ukitoka kwenda kulipa, ukirudi inakuanzisha upya.

"Nyie si ndio mnaotengeneza haya madude?" akaniuliza. Nilikosa la kusema. Ndiyo kazi inayoniweka hapa Dodoma.

Wabunifu tunapenda kumtaja George Miller, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeandika mwaka 1956 kwamba akili hushika kwa muda mfupi vitu saba hivi, pengine viwili zaidi au pungufu. Mwaka 2001 mwanasaikolojia mwingine, Nelson Cowan, akashusha idadi hiyo hadi karibu vinne. Basi tunapunguza menyu iwe na vipengele saba, tunapongezana. Lakini menyu iko mbele ya macho, nani anaikariri? Kinachomchosha mtu ni kile kilichokwisha kuondoka kwenye skrini naye bado anakihitaji. Unabonyeza "Endelea", chaguo la kwanza limepotea, na hukumbuki kama ndilo ulilokuwa unalitaka.

Miller alieleza pia kwamba tunabeba zaidi tukifunga vitu pamoja. Wauza nyanya wa Majengo hawahitaji kuambiwa hilo. Wanapanga mafungu, mteja hahesabu moja moja. Tokeni ya LUKU ina tarakimu 20. Zikija nne nne, shangazi anasoma fungu, anabonyeza fungu, umeme unawaka. Zikija mfululizo, lazima mtu asimame pembeni amsomee. Tokeni ni ileile, zimeongezwa nafasi nne tupu tu!

Na kitufe cha kunakili? Nimekitengeneza mara nyingi, hakimalizi hata saa moja. Vikaoni tunabishania rangi yake mchana kutwa, halafu tunajaribu programu tukiwa tumekaa, intaneti haikatiki, hakuna mtoto anayelia mgongoni wala sufuria jikoni.

Siku ile tulilipa, ila kwa namba mpya. Tarakimu mbili za mwisho za ile ya kwanza zilikwenda na maji ya kunawa kabla ya ugali. Sasa shangazi anatembea na kalamu ndani ya kava la simu.