"Mudogo, hii foto ni weye ulipiga?"

Mbele ya sekretaria moja ya Kamalondo, hapa Lubumbashi, pale wanafunzi wanapotolea fotokopi za silabusi, nilimkuta kijana akibishana na mwenye mashine. Alikuwa ametunga kijitabu cha kurasa 16 juu ya "sura ya mtu" iliyoko kwenye sayari ya Mirihi, ambayo huku sote tumezoea kuiita Mars. Haikupita muda, kijitabu kilekile kikawa kinauzwa na mtu mwingine chini ya jalada jipya. Kijana alikuwa akigongagonga kidole kwenye alama ya haki ya mtunzi, ile C ndani ya duara, iliyowekwa chini ya kila picha pamoja na jina lake. "Yaya, njo miye nilianza kusema ile mambo hapa Lubumbashi!" Mwenye mashine akainua karatasi kwenye mwanga, akaitazama. "Mudogo, hii foto ni weye ulipiga?"

Swali hilo linamfuata pia mtu ambaye kijana amemtegemea karibu kila ukurasa: Richard Hoagland, Mmarekani aliyetoa mwaka 1987 kitabu kizima kudai kwamba Mars kuna majengo ya viumbe wenye akili. Wanasayansi hawakumkubali, na mwaka 1997 alipewa Ig Nobel, tuzo ya mzaha. Kumcheka ni rahisi. Kupima kipi ni chake na kipi alikikuta, hapo ndipo penye kazi.

Dai ambalo watetezi wake hulishika sana halihusu Mars, linahusu Europa, mmoja wa miezi ya Mshtarii. Januari 1980, katika jarida la Star & Sky, Hoagland aliandika kwamba chini ya barafu ya mwezi huo kuna bahari, na ndani yake huenda mna uhai. Arthur C. Clarke alipotumia wazo hilo katika riwaya yake ya mwaka 1982, alimshukuru kwa jina. Hilo ni kweli, wala si dogo.

Tatizo ni pale shukrani hiyo inapogeuzwa kuwa hati ya kumiliki wazo. John Lewis wa MIT, chuo kikuu cha Marekani, alikwisha kuandika mwaka 1971 kuhusu maji yanayoweza kuwa chini ya barafu ya miezi ya sayari za mbali. Mwanafunzi wake, Guy Consolmagno, akapiga hesabu zake katika tasnifu ya mwaka 1975. (Ndiye yule Bruda wa Kiyesuiti ambaye mwaka 2015 alikabidhiwa kituo cha Vatikano cha kuchunguza nyota, mapadri wetu wanaohubiri kwamba sayansi ni ya wapagani wangefaa kumjua.) Consolmagno aliona kwamba kemia ya kikaboni ingeweza kutokea kule chini, kisha akasimama. Uhai wenyewe aliwaachia wengine waliozoea kubuni mambo ya namna hiyo. Mwaka 1977 watafiti waliozamia karibu na visiwa vya Galápagos wakakuta viumbe wanaoishi kwenye giza tupu, kando ya chemchemi za moto za baharini. Mwaka 1979 vyombo vya anga vya Voyager vikaleta picha za Europa yenye uso laini uliojaa mistari. Kufika Januari 1980, vipande vyote vilikuwa mezani.

Kwa hiyo mimi namwona Hoagland kama mtu aliyekuta mlango umeachwa wazi kidogo. Kuingia na kupaza sauti ndani, hilo ni lake, na nisingemnyima. Wala si bahati ya mara moja tu: mwaka 1972, mwanaastronomia Carl Sagan na wenzake walipoeleza bamba lililopachikwa kwenye chombo cha anga Pioneer 10, walitaja kwamba pendekezo la kutuma ujumbe lilitoka kwa Eric Burgess na Hoagland. Mtu huyu aliwahi kuwa na jicho zuri. Ndiyo maana kumpa bahari nzima ya Europa kunaniudhi: kunafuta jina la Lewis bila sababu.

Kwenye ile sura, sina mengi. Chombo cha anga Viking 1 kiliipiga picha tarehe 25 Julai 1976, na NASA yenyewe, shirika la anga la Marekani, ilipoitoa siku chache baadaye, ikasema ni mwamba unaofanana na kichwa cha mtu kwa sababu ya vivuli. Wahandisi wawili, Vincent DiPietro na Gregory Molenaar, waliichambua kwa kompyuta kabla ya kitabu cha Hoagland. Chombo kingine, Mars Global Surveyor, kilipopita juu yake mwaka 1998 na tena 2001, kikiona vizuri zaidi sana kuliko Viking, ikaonekana ni kilima.

Sasa ile C ndani ya duara. Sheria ya Marekani haiipi serikali yake haki ya mtunzi juu ya kazi za watumishi wake, hivyo picha nyingi za NASA ni za kila mtu. Ukiichukua, ukaikuza, ukazidisha weusi, bado hujawa mwenyewe. Mwaka 1991 Mahakama Kuu ya huko, katika kesi ya kitabu cha namba za simu, ilisema jasho peke yake halitoshi. Lazima kuwe na ubunifu. Picha za shirika la anga la Ulaya, kwa upande wake, zina wenyewe na masharti yake, jambo ambalo wapenda Mars wengi hawalijali.

Wachoraji wa Lubumbashi wangelielewa hili bila wakili. Mamba muntu, yule nusu mwanamke nusu samaki, amechorwa na mikono isiyohesabika, hakuna aliyemnunua. Lakini turubai yako, na jina ulilotia pembeni, ni vyako. Sheria yetu ya tarehe 5 Aprili 1986 nayo inalinda kazi ya mtunzi.

Kwa hiyo kijana hana haki juu ya picha hata moja, ila anayo juu ya maneno yake, hata kama mimi naona ni ya kupotosha. Nilinunua vijitabu vyote viwili. Kwenye ukurasa wa 9 wa kile cha kwanza, Viking imeandikwa "Vikking". Nikafungua ukurasa wa 9 wa kile cha pili: "Vikking".