Bingwa Anapokaa Benchi: Taji la Reyes na Swali Lisiloisha

Tarehe 28 Septemba 2011, mchana, uwanja wa Citi Field jijini New York. Ni mchezo wa mwisho wa msimu wa besiboli, Mets dhidi ya Cincinnati Reds, na José Reyes wa Mets anaingia kupiga kwa mara ya kwanza. Hakuzungusha gongo. Alilitega tu mbele ya mpira, mpira ukadondoka taratibu upande wa kituo cha tatu, naye akachanja mbuga hadi kituo cha kwanza kabla mlinzi hajaurusha. Pigo safi, yaani lililomfikisha mpigaji kituoni salama. Kisha akatolewa uwanjani, kwa ombi lake mwenyewe, na siku yake ikaishia hapo. Watu walikuwa wamelipa tiketi wakijua huenda wanamwona kwa mara ya mwisho akiwa na jezi ile, maana mkataba wake ulikuwa unaisha. Wakazomea.

Sababu ilikuwa hesabu. Wastani wa mpigaji wa besiboli hupatikana kwa kugawanya mapigo safi kwa zamu za kupiga zinazohesabiwa, na mwenye wastani wa juu katika ligi yake ndiye bingwa wa upigaji. Asubuhi hiyo Reyes alikuwa na mapigo 180 katika zamu 536, yaani 0.336. Nyuma yake alikuwa Ryan Braun wa Milwaukee Brewers, mapigo 187 katika zamu 559, yaani 0.335 ukikadiria. Baada ya lile pigo la kutega, Reyes alipanda hadi 0.337. Braun alicheza usiku, na ili ampite alihitaji mapigo matatu katika zamu nne. Alitoka kapa zote nne, akamaliza na 0.332. Reyes akawa mchezaji wa kwanza wa Mets kutwaa taji hilo tangu timu ianzishwe mwaka 1962.

Je, alikosea? Nimelitafakari jambo hili mara nyingi, na kila nikidhani nimefika, upande wa pili unanivuta.

Tuanze na kipimo chenyewe, kwa sababu lawama nyingi huruka hatua hii. Sisi tuliolelewa na kandanda tumezoea mbio za mfungaji bora. Msimu wa 2023/24 Aziz Ki wa Yanga alimaliza na mabao 21, Feisal Salum wa Azam akawa na 19, na hakuna kocha ambaye angemshauri mmoja wao akae benchi ili alinde mabao yake. Bao likishaingia haliondoki. Wastani ni kitu kingine: kila unapoingia kupiga unaweka akiba yako rehani, na ukikosa inapungua. Anayeongoza ana faida ya wazi katika kutofanya lolote. Hapo ligi yenyewe ndiyo iliyomwekea mchezaji kishawishi, kisha watu wanashangaa anapokifuata.

Kuna pia suala la saa. Reyes alicheza mchana, Braun usiku. Braun aliingia uwanjani akijua kwa hakika anachohitaji, wakati Reyes alipiga bila kujua mwenzake angefanya nini. Katika mashindano yoyote, anayecheza wa pili akiwa ameshaona matokeo ya wa kwanza ana nafuu. Ukimtetea Reyes kwa hoja hii, mimi nakusikiliza. Zaidi ya hayo, Mets hawakuwa wanawania chochote siku hiyo. Hakuna timu iliyoumia kwa kutoka kwake, na bado walishinda 3-0.

Lakini tarehe ile ile, 28 Septemba, miaka 70 kamili kabla yake, palitokea jambo ambalo halimwachi Reyes apumue. Mwaka 1941 Ted Williams wa Boston Red Sox, kijana wa miaka 23, aliamka siku ya mwisho ya msimu akiwa na wastani wa 0.39955. Ukikadiria hiyo ni 0.400 kamili, kiwango ambacho wapigaji wengi wakubwa wamekiota bila kukigusa. Meneja wake, Joe Cronin, alimpa ruhusa ya kupumzika. Williams alikataa. Siku hiyo kulikuwa na michezo miwili mfululizo huko Philadelphia. Akapata mapigo manne katika zamu tano mchezo wa kwanza, na mawili katika zamu tatu wa pili. Akamaliza na 0.406. Tangu hapo hakuna aliyefika 0.400 katika Ligi ya Taifa wala Ligi ya Marekani, ligi mbili kuu za besiboli ya Marekani. (Katika ligi za wachezaji weusi, zilizotengwa kwa ubaguzi na ambazo takwimu zake ziliingizwa rasmi kwenye kumbukumbu kuu mwaka 2024, Josh Gibson alipiga 0.466 mwaka 1943. Ni haki kulisema hilo kila Williams anapotajwa.)

Wanaomlaumu Reyes humweka Williams mezani na kufunga mjadala. Mimi naona ulinganisho huo una kasoro moja. Williams alikuwa anapambana na namba, hana mtu wa karibu anayemfukuza. Angekaa benchi, asingemnyima mtu taji. Kwa Reyes palikuwa na mtu wa pili, na kila zamu aliyoiacha ilikuwa zamu ambayo Braun alinyimwa nafasi ya kumwona akishuka. Kwa hiyo wapo wanaosema Reyes alikuwa na sababu zaidi ya kujilinda, na wapo wanaosema ndiyo maana alikuwa na wajibu zaidi wa kucheza. Mimi nasimama na hawa wa pili. Mbio za watu wawili zina maana pale wote wawili wanapokimbia.

Na nikiri jambo ambalo hesabu inaonyesha. Tuseme Reyes angebaki, akapata zamu tatu zaidi na kukosa zote. Angekuwa na mapigo 181 katika zamu 540, yaani 0.335. Bado angekuwa juu ya Braun. Hata angekosa zamu nne zote, bila lile pigo la kutega, angemaliza na 0.333 na taji lingebaki lake. Mchana ule hakuweza kulijua hilo, na simhukumu kwa kutojua. Ninachosikitikia ni kwamba ushindi uliokuwa wake hata kwa njia ndefu ukabaki na doa la njia fupi.

Historia ya taji hili ina madoa mazito kuliko hilo. Mwaka 1910 kampuni ya magari ya Chalmers iliahidi gari kwa bingwa wa upigaji. Ty Cobb akaacha kucheza michezo ya mwisho kulinda wastani wake. St. Louis Browns, ambao meneja wao Jack O'Connor hakumpenda Cobb, wakamwamuru mlinzi kijana wa kituo cha tatu, Red Corriden, asimame mbali, ili Nap Lajoie, aliyekuwa akimfukuza Cobb, apate mapigo ya bure ya kutega. Lajoie akapata mapigo manane katika siku moja. O'Connor alifukuzwa, na magari yakatolewa mawili, moja kwa Cobb na moja kwa Lajoie. Mwaka 1976 palikuwa na uchungu wa aina nyingine. Wachezaji wawili wa Kansas City Royals, George Brett na Hal McRae, waliwania taji uwanjani pamoja. Katika kipindi cha tisa Brett alipiga mpira wa juu, mlinzi wa Minnesota Twins akauacha udunde na kumpita, Brett akazunguka vituo vyote, likahesabiwa pigo safi. Brett akashinda, 0.333 kwa 0.332. McRae, mtu mweusi, aliamini mpira uliachwa makusudi ili mzungu ashinde. Meneja wa Twins, Gene Mauch, alikana. Ukiyaweka haya mbele, kosa la Reyes ni dogo: hakumhusisha mtu mwingine, hakumdanganya mtu, alitoka mbele ya macho ya wote.

Tangu 2015 michezo ya siku ya mwisho ya msimu imepangwa kuanza kwa pamoja, kwa hiyo ile nafuu ya kucheza wa pili imepungua sana. Kishawishi cha benchi hakijaondoka. Mwaka 2022 Jeff McNeil, naye wa Mets, aliongoza akiwa na mapigo 174 katika zamu 533, yaani 0.326. Timu yake ilikuwa inajiandaa kwa michezo ya mtoano, na katika mchezo wa mwisho hakuanzishwa. Kwa McNeil hesabu inasema kinyume cha ilivyosema kwa Reyes: angecheza akakosa zamu nne, angeshuka hadi 0.324, na taji lingekwenda kwa Freddie Freeman wa Los Angeles Dodgers. Freeman alicheza. Alihitaji mapigo manne katika zamu nne. Alipata matatu, akamaliza na 0.325.