Kabla ya mtungi wa hidrojeni, anzeni na asidi fomiki

Kandambili ya kushoto haikai mguu wa kulia. Prazikwanteli, dawa ya kichocho inayogawiwa huku kandokando ya ziwa, ina molekuli pacha za namna hiyo, moja taswira ya mwenzake kwenye kioo, ndani ya kidonge kimoja: pacha R huua minyoo, pacha S kazi yake ni ndogo mno na huongeza uchungu. Kwa hiyo vichocheo vya metali vinavyochagua mkono, yaani vinavyotengeneza pacha mmoja na kumwacha mwingine, si anasa kwa mwanakemia wa Mwanza.

Ubishi wangu ni mahali pa kuanzia. Tukitaja kazi hii tunakimbilia kichocheo cha rodiamu cha William Knowles kilichotengeneza L-dopa, dawa ya ugonjwa wa Parkinson, halafu tunaorodhesha mtambo wa shinikizo na mtungi wa hidrojeni, na bajeti inafia hapo. Ryoji Noyori, aliyegawana naye Nobeli ya 2001, alikuwa pia na njia isiyotaka mtungi: kichocheo cha metali ya ruteniamu iliyoshikwa na TsDPEN (ligandi, yaani molekuli inayoiongoza metali kuchagua mkono), hidrojeni ikitoka kwenye asidi fomiki.

Jifunzieni kwa asetofenoni, ketoni sahili ambayo ikipokea hidrojeni hugeuka alkoholi yenye pacha wawili. Changanyeni asidi fomiki gramu 23 na traiethilamini gramu 20 (uwiano wa moli 5 kwa 2), tone kwa tone, chombo kikiwa kwenye barafu, maana mchanganyiko huchemka na kufuka moshi. Fanyieni ndani ya kabati la kufyonza hewa. Traiethilamini inanuka samaki waliochacha, na harufu ya soko la samaki la Mwaloni Kirumba inatutosha. Chukueni mililita 5, pitisheni naitrojeni, tieni asetofenoni gramu 1.2 na kichocheo miligramu 32, yaani moli 1 kwa 200. Korogeni saa 20 kwenye nyuzi 28, joto la mchana wa kawaida hapa. Umeme ukikatika, vinavyosimama ni kikorogeo na kabati la kufyonza hewa.

Msizibe chupa! Kiasi hicho hutoa zaidi ya robo lita ya kaboni dayoksaidi, na kizibo kitaruka. Wekeni mrija wa kutolea gesi.

Wapo wanaopenda kutoa hidrojeni kwenye isopropanoli badala ya asidi fomiki, kwa kuwa ni rahisi kupatikana. Tatizo lake ni kwamba mmenyuko hurudi nyuma: isopropanoli ikitoa hidrojeni hubaki asetoni, na asetoni inavyojaa, usafi wa mkono unashuka kadiri mnavyochelewa kuusimamisha. Asidi fomiki ikishatoa gesi, hakuna kurudi. Ila msiitarajie ifanye maajabu kwa ketoni zisizo na pete ya benzini. Nyingi hutoka na uchaguzi hafifu. Imini (molekuli zenye kaboni na naitrojeni zilizofungana mara mbili) za dihaidroisokwinolini, ambazo pete zake zinakaribiana na za prazikwanteli, ndizo zinazokipenda kichocheo hiki.

Noyori na wenzake walipata asilimia 98 ya ziada ya pacha mmoja juu ya mwenzake kwa asetofenoni. Nanyi msitangaze namba kwa polarimita (kifaa kinachopima jinsi pacha wanavyozungusha mwanga) peke yake, kwani asetofenoni iliyobaki hupunguza usomaji na kuwadanganya. Tengenezeni kwanza mchanganyiko wa pacha nusu kwa nusu kwa sodiamu borohaidraidi, isiyochagua mkono, muupitishe kwenye safu ya kromatografia inayotenganisha pacha. Mchanganyiko huo usipotoa vilele viwili vilivyo sawa, kimoja kwa kila pacha, safu hiyo haijafaa kupima sampuli yenu.